Fonimu ni nini, na kwa nini Kiingereza hakisomeki kama Kiswahili

Fonimu ni sauti ambayo ukiibadilisha, neno linageuka kuwa neno jingine. Kalamu si karamu: moja ni ya kuandikia, nyingine watu wanakwenda kula pilau. Kinachozitenganisha ni l na r basi, na kwa hiyo katika Kiswahili sanifu l na r ni fonimu mbili. Katika Kinyamwezi hazifanyi kazi hiyo, ndiyo maana Tabora utamsikia mtu mzima akisema "balabala" bila wasiwasi wowote. Ulimi wake hauna kasoro. Lugha aliyoanza nayo haikulidai sikio lake litege hapo.

Herufi ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochanganya. Chukua kata mbili za Manispaa ya Tabora, Ng'ambo na Gongoni. Sauti inayoanza Ng'ambo ni moja tu, inapita puani, ingawa tunaiandika kwa alama tatu: n, g na ritifaa. Katikati ya Gongoni, sauti hiyo ya puani inafuatwa na g inayosikika wazi. Ritifaa imewekwa ili msomaji asibahatishe. Sasa tazama Kiingereza: singer, yaani mwimbaji, ina ng' ya Ng'ambo, finger, yaani kidole, ina ng ya Gongoni. Zote mbili zimeandikwa ng, na hakuna alama ya kukusaidia.

Hata th ni hivyo hivyo. Ya think ni th ya thamani, ya this ni dh ya dhahabu. Kiswahili kimezitenga kwa maandishi, Kiingereza kimezirundika pamoja. Bara huku wengi husema "selasini" na "zahabu", na mwalimu wa Kiswahili akiwasahihisha huonekana msumbufu. Lakini anayejizoeza kusema thelathini na dhahabu kama inavyotakiwa ameshapata sauti mbili za Kiingereza ambazo Wazungu wengi wa bara la Ulaya huzihangaikia.

Kwa nini tahajia ya Kiingereza iko hivyo? Sababu kubwa ni umri. William Caxton alianzisha uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, na namna nyingi za kuandika maneno zikaanza kuganda kuanzia enzi hizo. Matamshi hayakuganda. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama moja baada ya nyingine. Katika karne ya 14, name ilitamkwa na a ndefu, na time ilikuwa na i ndefu. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayelisoma neno name kama "na-me", darasa zima likacheka, yuko karibu na Waingereza wa zamani kuliko wanaomcheka. K ya knee nayo ilikuwa ikitamkwa. Sauti ikafa, herufi ikabaki. Kuna na herufi ambazo hazikutamkwa kamwe: b ya debt iliingizwa na wasomi ili neno lifanane na Kilatini debitum, baada ya watu kuliandika bila b kwa muda mrefu. Hiyo ilikuwa mbwembwe tu, na sisi ndio tunaoikariri.

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, lakini tahajia sanifu tunayoitumia leo ilisimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Haijafikisha hata miaka mia. Matamshi hayajapata nafasi ya kuikimbia.

Konsonanti lakini ni shida ndogo. Shida yenyewe iko kwenye irabu. Kiswahili kina fonimu za irabu 5, zikatosheka kwa herufi 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na fonimu 44, na kati ya hizo irabu ni 20, ukijumlisha zile zinazoanza na sauti moja na kuishia nyingine. Herufi zote za Kiingereza ni 26. Ukitaka kuona Kiswahili kilivyozipokea irabu hizo, sikiliza maneno tuliyokwisha kuyachukua: basi, shati, kadi. Bus, shirt na card zina irabu tatu tofauti. Sikio letu lilizisikia zote kuwa a. Kwenye dereva, meneja na kompyuta, irabu hafifu ya mwishoni nayo ikawa a. Hilo si kosa, ndivyo lugha inavyokaribisha wageni. Tatizo huja unapoingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na wewe bado unatumia a moja kwa kazi ya irabu nne.

Mfano unaosumbua zaidi ni ship na sheep. Aliyezoea Kiswahili pekee huyasikia kama neno moja, kisha huambiwa kwamba la pili "linavutwa". Kuvuta peke yake hakutoshi; irabu ya ship iko chini kidogo, inaelekea e. Full na fool ni hivyo hivyo upande wa u na o. Na hapa mzungumzaji wa Kinyamwezi ana mtaji ambao hakuna anayemwambia anao. Kinyamwezi kina irabu 7, si 5: kuna moja kati ya i na e, na nyingine kati ya u na o. Tena kinatofautisha irabu fupi na ndefu. Irabu hizo hazilingani na za Kiingereza kwa kila kitu, lakini sikio linajua tayari kwamba kati ya i na e pana nafasi ya sauti nyingine yenye maana yake. Nadhani wanaowakataza watoto kilugha ili "wasiharibu Kiingereza" wanawanyang'anya msaada uliokuwa karibu.

Ukijifunza, anza na jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja, na uzisikilize kabla ya kuzisema: ship na sheep, full na fool, cat na cut. Mwenzako atamke moja, wewe uonyeshe ni ipi. Halafu fungua kamusi nzuri ya Kiingereza ya wanafunzi. Mbele ya kila neno kuna maandishi ya ajabu kati ya mistari miwili ya mshazari; hizo ndizo fonimu, kila moja na alama yake. Nukta mbili zenye umbo la pembetatu maana yake irabu ni ndefu, na kamstari kadogo ka juu hutangulia silabi yenye mkazo. Kamstari hako usikapuuze, kwa sababu mkazo wa Kiswahili karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wa Kiingereza huhama: kwenye photograph uko mwanzoni, kwenye photography unasogea hadi silabi ya pili, na irabu zinabadilika nao.