Imeingia, Lakini Hailishi: Dhana Potofu Kuhusu Adapta za Magazini

"Fundi, magazini inaingia vizuri kabisa, tena inashika. Kwa hiyo tatizo ni bunduki."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na siku hizi mteja akifika kwenye "inashika" mimi nishanyoosha mkono: nipe hiyo magazini (kasha la kulishia risasi), nipe adapta, nipe na zile risasi zilizokwama. Bunduki iweke pale, tutaitazama baadaye. Mara nyingi huwa haina kosa lolote, na mwenyewe ameshaibadilishia springi, kucha ya kuchomolea ganda na hata mafuta, bila faida.

Dhana: Magazini ikiingia na kushika, bunduki imeikubali

Kuingia ni jambo moja, kulisha ni jingine. Adapta ni kipande cha plastiki au chuma kinachojaza nafasi inayobaki pale magazini ilipo ndogo kuliko tundu lake kwenye bunduki. Nyingine huja na kishikizo chake. Kujaza nafasi si kazi ya kujivunia. Mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na subira atapima. Kazi yenyewe ni kuifanya risasi ya juu ikae mbele ya bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuisukuma risasi, kwa kimo kinachotakiwa, kwa pembe inayotakiwa na upande unaotakiwa. Hapo ndipo adapta nyingi zinapoumbuka.

Tuchukue mfano ninaoletewa zaidi, karabini (bunduki ndefu kidogo ya begani) ya 9 mm yenye umbo la AR-15, ile bunduki ya Kimarekani ya mtindo wa M16. Tundu la AR-15 lilipimwa kwa risasi ya 5.56×45, ambayo nzima ina urefu wa milimita 57 na ushei. Risasi ya 9×19 haifiki milimita 30. Ukitia magazini ya 9 mm ndani ya tundu hilo, inaelea kama mtoto ndani ya koti la babake. Kampuni ya Colt walipotengeneza bunduki yao ya 9 mm walijaza nafasi hiyo kwa vipande maalumu, na magazini yao waliiiga kutoka ile ya Uzi, bunduki fupi ya Israeli. Magazini ya aina hiyo hutoa risasi kwa zamu, moja kulia, moja kushoto. Ya bastola ya Glock nayo, ingawa risasi zimepangwa safu mbili ndani, juu kabisa huzibana na kuzitoa zote katikati. Ukiziweka mezani zinafanana: vijiti viwili vya 9 mm. Ukizitia kwenye bunduki, kila moja inaipa bolti risasi mahali tofauti. Tena midomo (kingo za juu zinazoshika risasi) ya magazini ya Glock inataka bolti yenye nafasi iliyochongwa chini kwa ajili yake. Bolti ya mtindo wa Colt isiyo na nafasi hiyo haitaelewana nayo, hata adapta iwe imenyooka kama rula. Zipo bolti zilizotengenezwa kupokea mitindo yote miwili, ila mteja hununua adapta kwanza na habari ya bolti anaisikia kwangu.

Sasa kimo. Bolti inaporudi mbele, ukingo wake wa chini unatakiwa kukamata kitako cha risasi vya kutosha ili uisukume nje ya midomo. Magazini ikikaa chini kidogo, bolti hupita juu na kufunga chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ikiwa tupu, au huikwaruza risasi mgongoni na kuiacha nusu ndani, nusu nje. Hata ikifanikiwa kuisukuma, ncha yake inagonga ukuta chini ya mdomo wa chemba badala ya kupanda. Ikikaa juu mno, bolti inaisugua risasi wakati wote na kupoteza kasi. Ninaongelea tofauti ndogo hapa. Milimita moja ni nyingi.

Kuna mteja alikuja na karabini iliyokuwa ikikwama kila baada ya risasi chache. Alikwisha badilisha risasi za viwanda vitatu, akahitimisha kwamba bunduki "inachagua". Nilimwambia aniletee zile zilizokwama, asizitupe. Alileta sita. Nikazilaza kwenye kitambaa cheupe chini ya taa, na zote zilikuwa na kovu moja: alama nyembamba kama mwezi mwandamo, chini kidogo ya ncha, upande mmoja. Risasi sita za viwanda tofauti haziwezi kukubaliana kujeruhiwa mahali pamoja. Nikatia magazini tupu, nikaishika kwa vidole viwili nikaitikisa. Magazini ilicheza ndani ya adapta, na adapta ikacheza ndani ya tundu. Kila mchezo peke yake ungevumilika. Ikijumlishwa, magazini ilikuwa inashuka kiasi ambacho hata mteja alikiona kwa macho.

Nikamuuliza unaishikaje unapolenga. Akaonyesha: kiganja kimekumbatia magazini, anaivuta kwake ili itulie bega­ni. Basi. Kila alipojitahidi kutulia, ndivyo alivyoivuta magazini chini. Siku aliposhika sehemu ya mbele, bunduki ililisha. Siku aliposhika magazini, ilikwama. Yeye alikuwa anahesabu aina za risasi.

Hili la michezo kujumlishana ndilo wauzaji hawalisemi. Bunduki na magazini yake halisi wana uwazi mmoja kati yao, na kiwanda kimeudhibiti. Ukiweka adapta katikati unapata nyuso mbili zaidi, pengine zimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuishika bunduki yako. Na kuna adapta za karabini za 9 mm ambazo ndizo zinazobeba kirushio, kile kidole kinachopiga ganda lirukie nje. Adapta ikihama, kirushio kinahama nayo, na ganda linaanza kusimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda kama bomba la moshi. Mteja anaona ganda halijatoka, anabadilisha kucha. Kucha haina hatia.

Kwa hiyo kabla hujaja kwangu, fanya haya. Piga kwanza kwa magazini halisi ambayo bunduki ilitengenezewa, kama ipo. Ikilisha, acha kuilaumu bunduki. Zungusha risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, polepole, mtutu ukielekea mahali salama, uone kila moja inavyopanda. Na andika namba kwenye kitako cha kila magazini kwa wino usiofutika. Wateja hunicheka kwa hili la namba. Wanakuja na magazini tano zinazofanana kama mapacha, wananiambia "inakwama mara moja moja", na nikiuliza ni ipi hawajui. Faili lako liache kabatini: midomo ya magazini ukiikwangua hairudi.

Dhana: Kama magazini inaipokea risasi, bunduki inaweza kuipiga

Hii hainichoshi, inanitisha. Adapta wala magazini havibadilishi kaliba, yaani aina na kipimo cha risasi, ya bunduki. Kaliba inakaa kwenye mtutu na chemba, na imeandikwa hapo.

Mfano mbaya kuliko yote hauhitaji hata adapta. Risasi ya .300 Blackout, iliyokubaliwa rasmi mwaka 2011 na SAAMI, chombo cha Marekani cha kuweka vipimo vya risasi, ilibuniwa makusudi itumie magazini zile zile na bolti ile ile ya 5.56. Ganda lake linatokana na ganda lile lile, limefupishwa. Lakini kichwa chake, kile kinachoruka, kina kipenyo cha takriban milimita 7.8, na mtutu wa 5.56 unataka milimita 5.7. Magazini inaipokea. Bolti inaisukuma. Baadhi ya risasi hizo zinaingia kwenye chemba ya 5.56 hadi bolti inafunga kana kwamba mambo ni shwari. Ukivuta kifyatulio, bunduki inapasuka, karibu kabisa na uso wako.

Ukiwa na bunduki za kaliba zote mbili nyumbani, magazini zake zisikutane. Mimi nazitaka ziwe na rangi tofauti kabisa, tena siyo stika tu, maana stika hubanduka. Namba peke yake haitoshi hapa.

Dhana: Magazini "za NATO" huingia kila bunduki ya NATO

Rasimu ya STANAG 4179, makubaliano ya vipimo vya NATO, ilipendekezwa mwaka 1980, ikitaka magazini ya M16, bunduki ya jeshi la Marekani, iwe ya wote. Haikuwahi kuidhinishwa. Nchi nyingi ziliifuata kwa hiari, nyingine zikaenda njia yao. G36 ya Wajerumani ilikuja na magazini yake yenyewe, na anayetaka kutumia ya M16 anahitaji tundu jingine la kubadilisha. Galil ya Israeli ya 5.56 nayo ilikuwa na magazini yake ya kunasa mbele kisha kuinua nyuma, kwa mtindo wa AK, ndipo ikatengenezewa adapta ya kupokea ya M16.

Na FAL, bunduki ya Wabelgiji, je? Bunduki moja, jina moja, risasi moja ya 7.62×51, lakini kuna za vipimo vya inchi na za vipimo vya mita. Magazini ya mita huingia kwenye bunduki ya inchi, ingawa hulegalega. Ya inchi, yenye kinundu kikubwa mbele, haiingii kwenye bunduki ya mita. Nimeona watu wakiipiga kwa kiganja wakidhani ni ngumu kwa sababu ni mpya.

Dhana: Kola ya bastola ni pambo tu

Magazini ya Glock 17 inaingia kwenye Glock 19, ikining'inia chini ya mpini kwa sababu ni ndefu. Kola ndogo ya plastiki huziba pengo hilo. Watu huiona kama urembo, au kitu cha kuridhisha kiganja. Faida yake ya pili ndiyo inayonihusu mimi: inazuia magazini isipande kupita kiasi. Bila kitu cha kuisimamisha, ukiisukuma kwa nguvu wakati slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) iko nyuma, inaweza kupanda ikagonga kirushio na kukivunja. Kola nayo iwe imekaza, maana inayoteleza kwenda juu ya magazini inaweza kuizuia isishike. Kinyume chake, magazini fupi ya 19 kwenye 17, haifiki hata kishikizoni, na hakuna adapta ya kuongelea.

Dhana: Bolti isipobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, kuna kilichovunjika

Pengine hakuna. Kinachoizuia bolti nyuma ni kile kibao cha ndani ya magazini kinachosukuma risasi juu: risasi zikiisha, chenyewe kinainua kizuizi cha bolti. Kwenye magazini ya kigeni kibao hicho hakifiki kizuizi kilipo. Adapta nzuri huwa na kiwiko kidogo cha kuunganisha viwili hivyo. Za kawaida hazina. Zoea hivyo, lakini usizoee kubahatisha. Bolti iliyofunga haikwambii kama chemba ni tupu, na magazini iliyotoka haiondoi risasi iliyokwisha ingia. Fungua, tazama, tia kidole.

Dhana: Adapta si silaha, kwa hiyo sheria haiihusu

Sheria nyingi hazihesabu adapta, zinahesabu risasi. Na hesabu inaweza kubadilika pale tu magazini inapohamia bunduki nyingine. Chukua Umoja wa Ulaya: kwa Maelekezo 2021/555, yaliyorithi kanuni za 2017/853, kikomo cha magazini kwa bastola ya kujipakia yenyewe ni risasi 20, kwa bunduki ndefu ni 10. Magazini ya risasi 17 kwenye bastola haijavuka kitu. Ipitishe kwenye adapta hadi ndani ya karabini, na bunduki hiyo hiyo uliyoimiliki kihalali asubuhi inaangukia kundi la silaha zilizopigwa marufuku. Adapta ya bei ya chakula cha mchana. Kila nchi ina hesabu yake. Soma ya kwako kabla hujalipia, na muuzaji asikusomee.

Dhana: Adapta zote ni takataka

Hii nayo nimechangia kuieneza mwenyewe kwa kelele zangu, kwa hiyo niirekebishe. Beretta Cx4 Storm ilibuniwa tangu mwanzo ipokee vipande tofauti kwa magazini za bastola tofauti za Beretta. Ruger PC Carbine inabadilishwa tundu lote, la magazini za Ruger na la Glock, na inafanya kazi bila malalamiko. Siri ni kwamba aliyechora bunduki ndiye aliyechora na kipande, akijua bolti ilipo, kirushio kilipo, na risasi inatakiwa kupanda kutokea wapi. Adapta ya kununuliwa kando inaweza kufika hapo pia, ikiwa imetengenezwa kwa bunduki yako hasa, si kwa "aina zote".

Yule wa mwezi mwandamo alinunua nyingine ya chuma, inayokazwa kwa skrubu ndani ya tundu, na tukaweka bolti inayoendana nayo. Magazini zake tano nikaziandika namba mbele yake, akicheka. Wiki mbili baadaye akanipigia.

"Fundi, inakwama."

"Namba ngapi?"

Kimya. Kisha: "Tatu."

"Tatu tu?"

"Tatu tu."

Midomo yake ilikuwa imefunguka upande mmoja. Alikuwa ameiangusha kwenye sakafu ya saruji ikiwa imejaa, akaifuta vumbi, akaendelea kupiga.