Je, wajua kwa nini ripita ya televisheni husikiliza masafa haya na kurusha yale?

Aliyewahi kukaa karibu na spika harusini anaujua ule mluzi. MC anasogea na maiki mbele ya spika, mara ukumbi mzima unaziba masikio. Spika imejisikia yenyewe: sauti inatoka, inaingia kwenye maiki, inatoka tena ikiwa kubwa zaidi, inaingia tena. Mluzi huo ndio unaowakosesha usingizi watu wanaopanga kujenga ripita mpya ya televisheni ya ridhaa, ingawa wao hawausikii kwa masikio.

Redio ya ridhaa ni kazi ya mapenzi. Mtu anafanya mtihani, anapewa leseni na alama yake ya mwito, yaani herufi na namba za kumtambulisha hewani, kisha anawasiliana na wenzake bila malipo na bila matangazo ya biashara. Wengi huishia kwenye sauti. Wachache hurushiana picha zinazotembea: uso wa mtu, meza yake ya kazi, kadi yenye alama yake ya mwito. Uingereza wana chama chao, British Amateur Television Club, tangu mwaka 1949, na ripita zao nyingi zimejengwa na vikundi vya watu wa kujitolea. Kwa hiyo nitaueleza mpango kama unavyofanyika kwao.

Ripita yenyewe ni kituo kilichowekwa mahali pa juu, kinachopokea picha dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu. Inahitajika kwa sababu picha hutumia masafa ya juu, yaani mawimbi yanayotetemeka mara nyingi sana kwa sekunde, na mawimbi hayo hayapendi kupinda. Antena iliyoko mita 10 juu ya ardhi tambarare huona mpaka kilomita 13 hivi, basi. Ukiipandisha hadi mita 300 juu ya bonde, inaona kilomita 71. Maana yake watu wawili wenye antena za mita 10, ambao wenyewe kwa wenyewe wangekatika baada ya kilomita 26, wanaweza kuonana wakiwa umbali wa zaidi ya kilomita 160, kila mmoja upande wake wa kilima, mradi hakuna mlima mwingine uliowakinga.

Tatizo ni kwamba kituo hicho kinasikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Picha haingojei zamu. Chukua mtambo mdogo unaorusha wati 10. Mawimbi ya mtu aliye mbali yanapofika kwenye risiva yanaweza kuwa na nguvu ya sehemu moja ya trilioni kumi ya wati. Gawanya: mdomo wa ripita una nguvu mara trilioni 100 kuliko kile ambacho sikio lake linatakiwa kukisikia, na vyote viwili viko kwenye mnara mmoja! Kwa lugha ya mafundi, hizo ni desibeli 140. Kwenye masafa yaleyale haiwezekani. Ndiyo maana masafa hutenganishwa: ripita inasikiliza, tuseme, MHz 1249 (MHz moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde), na kurusha karibu na MHz 1310. Au inasikiliza MHz 437 na kurusha kwenye bendi, yaani kundi la masafa, hiyo ya juu ya MHz 1310.

Watu wengi wanadhani kutenganisha masafa kunamaliza kazi. Hakumalizi. Mtambo wa kurushia hautoi masafa yake tu, hutoa pia vumbi la kelele linalosambaa mbali pande zote mbili, na sehemu ya vumbi hilo inatua palepale risiva inaposikiliza. Kelele ikishatua hapo, hakuna kichujio cha upande wa risiva kinachoweza kuitoa, kwa sababu iko kwenye masafa yaleyale ya mgeni unayemngoja. Lazima ichujwe kabla haijafika kwenye antena ya kurushia. Kwa hiyo vichujio vinakuwa viwili: kimoja kinamziba mdomo asitoe uchafu, kingine kinalikinga sikio lisizibwe na ukelele wa jirani. Ni makopo ya chuma yenye skrubu juu. Fundi anageuza skrubu robo mzunguko, anatazama mstari kwenye kipimo, anarudisha kidogo, anakaza nati taratibu kwa sababu hata kukaza kunahamisha masafa. Jioni nzima inaweza kuishia kwenye kopo moja. Baada ya hapo antena hupangwa moja juu ya nyingine mnarani, kwa kuwa zikikaa hivyo husikilizana kidogo kuliko zikikaa ubavu kwa ubavu.

Kwangu mimi hapa ndipo mpango mzuri unapojitenga na mbaya. Mpango mbaya huanza na swali, "Turushe kwa wati ngapi?" Mpango mzuri huanza kwa kupanda kilimani na antena, risiva na betri, kabla hata senti moja haijatumika, kupima kelele ya mahali penyewe. Minara ya juu haikosi wapangaji: simu, redio za FM, mawasiliano ya polisi. Kuna vifaa vya umeme vinavyochafua hewa usiku kucha. Ripita inayosema kwa nguvu lakini haisikii ni bango tu. Watu wataiona nyumbani kwao ikionyesha saa na jina lake, na hakuna atakayeweza kuiingia.

Udijitali umesaidia sana hapa. Zamani za analojia, picha moja kwenye bendi hiyo ya MHz 1200 na zaidi ilikula upana wa MHz 16 au zaidi. Leo wanatumia DVB-S na DVB-S2, mifumo ileile iliyomo kwenye king'amuzi cha dishi sebuleni kwako, na picha inaweza kubanwa ikakaa kwenye nusu MHz. Faida yake si nafasi pekee. Risiva hukusanya kelele kulingana na upana inaoufungulia, kama dirisha na vumbi la barabarani. Ukipunguza upana mara 32, kelele nayo inapungua mara 32, na mtu wa mbali aliyekuwa hasikiki anaanza kuonekana.

Hasara nayo ipo. Analojia ilikuwa na chenga: picha inafifia polepole, unamwona mwenzako ndani ya theluji ile na unajua ugeuze antena upande gani. Dijitali inaganda, kisha inatoweka kabisa. Tena kila hatua ya kubana na kufungua picha inakula muda, hata ukipunga mkono mbele ya kamera, unajiona kupitia ripita ukiupunga baada ya sekunde moja au zaidi.

Kibali ni mlolongo wake. Uingereza maombi yamekuwa yakipitia kamati ya chama cha waredio wa ridhaa, RSGB, na mamlaka ya mawasiliano, Ofcom. Waombaji hutaja masafa, nguvu, urefu wa antena na majina ya watu wanaoweza kuuzima mtambo ukileta madhara. Si urasimu mtupu. Kwenye bendi hiyo watu wa ridhaa ni wageni, wenye nyumba ni rada na satelaiti za kuelekezea njia. Galileo, mfumo wa Ulaya, una mawimbi yake kwenye MHz 1278.75, katikati kabisa ya bendi. Suala la kutoiingilia Galileo lilifika hadi mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwaka 2023, na anayepanga ripita leo lazima aliweke mezani siku ya kwanza.

Kuna ripita moja isiyohitaji kilima. Satelaiti ya Es'hail-2 ya Qatar ilirushwa Novemba 2018, ikiwa imebeba mtambo wa watu wa ridhaa unaoitwa QO-100, wenye sehemu ya upana wa MHz 8 kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki, na inafuata kanuni ileile ya mluzi wa harusini: sikio liko GHz 2.4 (GHz moja ni MHz 1000), mdomo GHz 10.49. Afrika Mashariki imo ndani ya eneo lake. London dishi hutazama nyuzi 26 tu juu ya upeo, Dar es Salaam ni nyuzi 72, Nairobi 77, karibu utosini. Kurusha kunahitaji leseni. Kutazama kunaanza na dishi na LNB ya kawaida, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ila LNB hiyo inaishusha picha hadi karibu MHz 741, wakati ving'amuzi vingi huanzia 950. Fundi dishi atakuambia LNB ni nzima na hakuna kitu angani. Kitu kipo, risiva yake ndiyo haifiki huko chini.