Mtego wa neno "vizuri" kwa Mswahili anayeandika Kiingereza

Kwa miaka niliyofundisha Kiingereza hapa Dodoma nimejiridhisha kwamba makosa mengi ya vivumishi na vielezi hayatokani na uvivu wa mwanafunzi, bali yanatokana na Kiswahili chenyewe, hasa na neno tunalolitumia kutwa kucha: vizuri.

Tukisema "vyakula vizuri", neno hilo ni kivumishi lililochukua upatanisho wa ngeli ya KI-VI. Tukisema "amepika vizuri", ni kielezi kinachoeleza namna tendo lilivyofanyika. Umbo ni lilelile. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: "good" huvumisha nomino, "well" hueleza tendo. Hadi hapo wanafunzi wangu huelewa upesi.

Ugumu huanzia kwenye vitenzi vya hisi. Asubuhi moja katika soko la Majengo nilimsikia mwanafunzi wangu akimsifia mgeni zabibu zilizopangwa kwenye beseni: "These grapes taste sweetly." Alikuwa amefuata kanuni aliyofundishwa, kwamba kitenzi hufuatwa na kielezi, na Kiswahili kilimuunga mkono, kwa kuwa sisi husema "pilau inanukia vizuri" na "najisikia vibaya", na kiambishi vi- katika maneno hayo ni cha kielezi. Lakini zabibu hazionji kitu, zina ladha. Vitenzi kama "taste", "smell", "look", "sound" na "feel", vinapoeleza hali ya kiima, havielezi tendo, bali hufanya kazi ya "ni", na baada ya "ni" Kiingereza hutaka kivumishi: "taste sweet", "smells good", "I feel bad". Ukiandika kwamba pilau "smells well", umesema kuwa pilau ina uwezo mzuri wa kunusa.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kukiondoa kitenzi hicho na kuweka "is" au "are" mahali pake. Sentensi ikibaki na maana, weka kivumishi. Ikivunjika, weka kielezi. Kipimo hiki ndicho kinachotenganisha "he looked angry", yaani alionekana mwenye hasira, na "he looked angrily at me", yaani alinitazama kwa hasira. Zote mbili ni sahihi, ila katika ya kwanza macho yanayotazama ni yangu, na katika ya pili ni yake. Tahadhari moja tu: "I feel well" ni sahihi pia, kwa sababu hapo "well" ni kivumishi chenye maana ya mzima wa afya.

Kosa linaloniumiza zaidi ni lile linalomnyima mtu riziki. Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni, imeandikwa kwa mwandiko safi, na katikati yake kulikuwa na sentensi hii: "I work hardly and I learn quickly." Alikusudia kusema kwamba hufanya kazi kwa bidii. Alichokiandika ni kwamba kazi hafanyi, au hufanya kidogo mno, kwa kuwa "hardly" maana yake ni "kwa nadra" au "karibu na hapana". Vivyo hivyo "lately" haimaanishi kuchelewa, bali siku hizi za karibuni. Aliyechelewa kufika "arrived late".

Kijana yule aliuliza swali la haki: kwa nini "quick" iongezwe "-ly" na "hard" ikatae? Katika Kiingereza cha kale vielezi vingi viliundwa kwa kuongeza "-e" mwishoni mwa kivumishi, kwa hiyo "heard" ilizaa "hearde". Irabu hiyo ilipodondoka, kivumishi na kielezi vikabaki na sura moja, na ndiyo sababu "hard" na "fast" hazihitaji nyongeza. "Fastly" isiandikwe kabisa. Nayo "-ly" asili yake ni neno lililomaanisha mwili au umbo, na tangu zamani iliunda vivumishi pia: "friendly" ni mwenye umbo la rafiki. Kwa hiyo "he greeted me friendly" haikubaliki katika Kiingereza sanifu. Inabidi kuzunguka na kusema "in a friendly way", mahali ambapo sisi tunatosheka na kiambishi kimoja: alinisalimu kirafiki.