Draiva ya Wi-Fi kwenye Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wi-Fi ikigoma kwenye Linux, wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) imeshasema shida iko wapi, ila hakuna aliyeisoma.

"Wi-Fi haionekani, basi draiva hakuna."

Mara nyingi draiva ipo, kinachokosekana ni fimuwea. Hivi ni vitu viwili. Draiva ni sehemu ya kerneli inayoongea na kadi, na huendeshwa na prosesa ya kompyuta. Fimuwea ni programu ya chipu yenyewe. Draiva huichukua kwenye `/lib/firmware` na kuipakia ndani ya kadi. Fimuwea nyingi si huria, ndiyo maana Debian, moja ya mifumo ya Linux, kwa miaka mingi haikuziweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji, hadi toleo la 12 la mwaka 2023. Aliyetumia diski rasmi ya toleo la 11 akakosa Wi-Fi huenda hakuwa na kadi mbovu hata kidogo; alipungukiwa faili.

Anza na `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha kadi na draiva zake (kwa kadi ya USB, `lsusb -t`, ambayo huonyesha draiva baada ya "Driver="). Ukiona "Kernel driver in use", draiva imeishika kadi. Ukikuta "Kernel modules" peke yake, kerneli ina draiva inayoifaa kadi hiyo ila haijaishika. Sababu itafute kwa `sudo dmesg | grep -i firmware`; dmesg huonyesha ujumbe wa kerneli.

"Kila 'failed' kwenye dmesg ni kosa."

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. iwlwifi, draiva ya kadi za Intel, huanza kuulizia toleo jipya kabisa la fimuwea inaloliweza. Likikosekana hushuka namba moja moja. Kila faili isiyopatikana huacha mstari unaoishia na "failed with error -2", na hiyo -2 maana yake ni kwamba faili haipo. Unaweza kukuta mistari minne ya namna hiyo, kisha wa tano ukasema "loaded firmware version". Hapo fimuwea imepakiwa, usiguse kitu. Shida ni pale inapomalizia na "no suitable firmware found!". Basi sakinisha kifurushi cha fimuwea: `firmware-iwlwifi` kwenye Debian, `linux-firmware` kwenye Ubuntu.

"Jina lililoandikwa kwenye boksi linatosha."

Halitoshi. Watengenezaji hubadilisha chipu ndani na kuacha jina lilelile nje. Angalia namba ambazo `lspci -nn` huonyesha kwenye mabano: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, na tarakimu nne zinazofuata ndizo za chipu yako. Tafuta msaada kwa namba hizo.

"Draiva hupakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji."

Huo ni mazoea ya Windows. Kwenye Linux draiva nyingi huja pamoja na kerneli, kwa hiyo kadi ikiwa mpya kuliko kerneli yako, jaribu kwanza kerneli mpya. Draiva uliyojijengea mwenyewe kutoka nje hupotea kerneli inaposasishwa, mpaka ijengwe tena. DKMS, programu ya kujenga draiva upya kila kerneli inapobadilika, hukufanyia kazi hiyo, mradi faili za heda (zinazohitajika katika ujenzi) za kerneli hiyo ziwepo. Na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokubali programu zilizosainiwa tu) ikiwa imewashwa, moduli, yaani draiva hiyo, isiyosainiwa hukataliwa kwa maneno "Key was rejected by service". Sikuhizi naliona kosa hili kuliko mengine yote ya draiva za nje. Ndiswrapper, programu ya kutumia kwenye Linux draiva za enzi za Windows XP, achana nayo.

"Kadi imekufa."

Endesha `rfkill list` kwanza, uone kama Wi-Fi imezuiwa. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa `rfkill unblock wifi`. "Hard blocked: yes" haiondoki kwa amri; tafuta swichi au kitufe cha Wi-Fi kwenye mashine. Na kama kompyuta ina Windows pia, kipengele chake cha Fast Startup huweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux inashindwa kuianzisha. Kizime, zima kompyuta kabisa, kisha ndipo uwashe Linux.