Aliyepewa Kapewa: Fundisho la kuteuliwa kwenye kioo cha nyuma cha daladala

Kila mwaka tunapofika kwenye fundisho la kuteuliwa tangu asili, darasa langu la theolojia hugawanyika. Wapo wanaonuna: Mungu gani huyu, achague hawa na kuwaacha wale? Wapo wanaoandika kila neno bila kuuliza kitu, na hao ndio hunitia wasiwasi zaidi. Siku hizi siwaanzishi na Augustino, yule askofu wa Afrika Kaskazini, wala Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva. Nawatuma stendi wakanakili maandishi ya vioo vya nyuma, ya daladala, bajaji na malori, waje nayo darasani. Wanarudi na daftari zimejaa. "Aliyepewa kapewa." "Mungu hamtupi mja wake." "Yer. 29:11." "Mungu akisema ndiyo, nani wa kusema hapana?" "Ebenezeri." "Riziki mafungu saba." Kanisa limekuwa likibishana juu ya mambo haya kwa miaka 1,600, na hapa Dar es Salaam ubishi huo unapita Buguruni kutwa nzima ukipigiana honi.

Niseme kwanza juu ya sanaa yenyewe, maana sisi wanatheolojia tuna tabia ya kuuruka mkono wa fundi na kukimbilia ujumbe. Zamani kazi hii ilikuwa ya brashi. Fundi anapiga mistari miwili ya chaki, anagawa nafasi kwa jicho, anaandika kwa rangi ya mafuta, kisha anarudi na nyeusi kutia kivuli upande mmoja ili herufi zisimame. Mafundi wa brashi bado wapo, ila kazi nyingi sasa ni stika. Mashine inakata herufi, fundi anachokonoa kwa wembe vipande visivyotakiwa, yale matumbo ya A na P, ananyunyiza maji ya sabuni kwenye kioo ili stika iteleze mpaka ikae anapotaka. Ndipo anachukua kadi ya plastiki na kukamua maji kutoka katikati kwenda pembeni. Akiacha kapovu kamoja tu ka hewa, jua litafanya kazi yake na "kapewa" itabaki "kape".

Nafasi ni ndogo na kazi ina bei. Kioo cha nyuma cha Coaster ni kipana lakini kifupi, cha kipanya ni kidogo zaidi, na nyuma ya bodaboda kuna kipande cha mpira tu juu ya tairi. Kwa hiyo mtaa umejifunza kufupisha kuliko sisi wa mimbarini. Aya nzima ya nabii inageuka namba. Habari ya Samweli na jiwe lake, "Hata sasa Bwana ametusaidia", inageuka jina moja: Ebenezeri. (Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, hayakumwachia fundi yeyote kioo. Ni mabasi mazuri, lakini hayaungami kitu.)

Jambo la kuuliza mbele ya kila andiko ni hili: nani kaliandikisha? Daladala nyingi ni mali ya tajiri. Dereva anapeleka hesabu kila jioni, kinachobaki ndicho chake na konda, na siku anayopumzika anampisha deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku. Bajaji na bodaboda nyingi ziko kwa mkataba: kijana analipa kila siku au kila wiki mpaka chombo kiwe chake. Sasa tajiri mwenye Coaster nne akiandika "Aliyepewa kapewa", huyo anaeleza alichonacho. Kijana wa mkataba akiandika maneno hayohayo kwenye bajaji ambayo bado si yake, huyo anakiri imani. Herufi zilezile, stika ya duka moja, lakini ni mafundisho mawili.

Na hapa ndipo Augustino anapoingia bila kualikwa. Mwanzoni mwa karne ya 5 alikuwa akibishana na Pelagio na wafuasi wake, waliosema kwamba mtu ana uwezo wa kuchagua mema kwa nguvu zake mwenyewe na Mungu humlipa kwa hilo. Augustino hakuchoka kurudia swali moja la Paulo, 1 Wakorintho 4:7: "Nawe una nini usichokipokea? Lakini iwapo ulipokea, wajisifiani kana kwamba hukupokea?" Kwake huo ulikuwa mwisho wa ubishi. Hata ile imani ambayo kwayo unampokea Mungu, umepewa. Mtaguso wa Orange, mkutano wa maaskofu wa mwaka 529, ulimkubalia kwamba neema hutangulia, ukakataa katakata wazo kwamba Mungu humpangia mtu kutenda uovu. Baadaye wakaja wengine: Calvin, aliyelivuta fundisho mpaka pande zote mbili, wa kuokolewa na wa kuachwa, sisi Walutheri, ambao katika maungamo ya mwaka 1577 tulisema uteule ni wa wokovu tu na anayepotea asimsingizie Mungu, Sinodi ya Dort ya 1618 hadi 1619, iliyosimama upande wa Calvin, Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, aliyehubiri vikali kinyume cha fundisho hilo mwaka 1739, halafu Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi, aliyesema mwaka 1942 kwamba mteule wa kwanza ni Kristo mwenyewe, na sisi tumo ndani yake. Barth hapo alikuwa anasoma tu Waefeso 1:4, "alivyotuchagua katika yeye", polepole kuliko waliomtangulia.

Linalosahauliwa ni watu waliokuwa wakilisikiliza fundisho hili. Calvin alikuwa mkimbizi kutoka Ufaransa, na Geneva aliyoihudumia ilijaa wakimbizi waliokuwa wameacha nyumba na ndugu. Kwa watu wa namna hiyo, kuambiwa kwamba jina lako lilijulikana kabla ya misingi ya ulimwengu lilikuwa neno la kulalia usingizi. Lilianza kuwa baridi lilipohamia vyuoni na kwenye makanisa ya walioshiba. Ndiyo maana sishangai kulikuta nyuma ya bajaji. Limerudi kwa watu wasiojua jioni watapeleka nini.

Linganisha na mahubiri yanayovuma sasa, kwenye mikutano ya uwanjani na redioni. Huko hatima ni kitu chako binafsi, kama simu, na kuna wezi. Nyota yako imeibwa na shangazi, au na jirani, au na bosi wako wa zamani, na inahitaji maombi maalumu, pengine na sadaka maalumu, ili irudi. Sikatai kwamba watu wana maadui. Lakini angalia Mungu wa mahubiri hayo: anatoa zawadi asiyoweza kuilinda. Paulo anasema "karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake" (Warumi 11:29). Fundi wa stika, kwa maneno mawili, amekaa upande wa Paulo kuliko mhubiri mwenye spika kumi na mbili. Aliyepewa kapewa. Hakuna shangazi hapo.

Shida ya andiko hilo iko kwingine, iko kwenye sauti. Ni kijembe. Limetoka kwenye ulimwengu wa kanga na taarabu, ambako maneno huvaliwa mgongoni ili asomaye ajijue, na daladala nayo imeandikwa mgongoni kwa sababu hiyohiyo. Anayesoma ni aliye nyuma, aliyepitwa. "Wewe piga kelele tu, mimi nimeshapewa." Nusu ya kwanza ya swali la Paulo ipo, nusu ya pili imekatwa. Wakorintho walikuwa wakitambiana kwa viongozi na vipawa vyao, na Paulo alitumia neno la kupewa kuwanyamazisha. Sisi tumelichukua tunyamazishe nalo majirani.

Nakubali pia kwamba kioo hicho si mali ya Wakristo peke yao. "Mungu hamtupi mja wake" dereva Mwislamu wa Mbagala na Mkristo wa Kimara wanaliandika bila kuulizana, na habari za kudra zilikuwa pwani hii karne nyingi kabla ya mmisionari kushuka kwenye jahazi. Sioni haja ya kuzitenganisha kwa nguvu. Ila mwanafunzi wangu anapaswa kujua kwamba Agano Jipya linapozungumzia uteule huwa halizungumzii riziki. Warumi 8:29 inasema waliochaguliwa walichaguliwa "wafananishwe na mfano wa Mwana wake", na mfano huo ulipitia msalabani kabla ya kufika kwingine kokote. Hilo sijaliona kwenye kioo bado.

Mstari unaoongoza kwenye daftari za wanafunzi ni Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kwenye kioo inabaki namba, na msomaji anajazia mwenyewe: Mungu ana mpango na mimi, mwaka huu mambo yangu yatakaa sawa. Sasa fungua ukurasa. Ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 KK, na mstari wa 10, ambao hakuna fundi aliyewahi kuombwa aukate, unasema miaka 70. Piga hesabu. Wengi wa waliosomewa barua ile walikuwa wa kufia ugenini. Katika sura inayotangulia, nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba yote yatakwisha ndani ya miaka miwili, akaivunja na nira shingoni mwa Yeremia ili watu waone. Hanania ndiye aliyekuwa na mahubiri ya kuvutia. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule uliowateka, kwa sababu amani yake ndiyo itakuwa amani yao.

Kwa hiyo tumaini lile ni la taifa, ni la wajukuu, na linapitia kwenye amani ya mji ambao hukuuchagua. Nikiwaeleza hivi wanafunzi, wengine huona nimewapokonya mstari wao. Mimi naona nimewaongezea. Kijana aliyetoka Singida au Kigoma, anayelala chumba kimoja na wenzake watatu Tandika na kuendesha chombo cha mtu, yuko karibu na wasomaji wa kwanza wa barua ile kuliko mimi niliyeajiriwa. Anajenga, anapanda, anautafutia mji amani kwa kuubeba asubuhi kwenda kazini na jioni kuurudisha nyumbani. Mstari ni wake kihalali kabisa. Kilichokosekana ni mstari wa 7 pembeni yake, ule wa kuuombea mji amani.

Nairobi, kwenye matatu, ndizo daladala za huko, mambo yanakwenda kwa picha zaidi kuliko maneno. Kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni, na michoro ikafifia. Miaka kumi hivi baadaye ikarudi kwa kishindo, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ameitetea hadharani. Leo kwenye nganya moja, yaani matatu iliyopambwa, unamkuta Yesu mwenye taji la miiba akipakana na mwanamuziki na mchezaji mpira. Wapo wanaoita kufuru. Mimi naona ukuta wa watakatifu unaotembea, ambao hakuna aliyekaa kujadili nani astahili kuwamo, na kusema kweli napendelea maneno ya Dar.

Limebaki andiko moja lililo gumu kuliko yote, na mara nyingi halichorwi, husemwa: "Ajali haina kinga." Basi likipinduka, ndilo linalotangulia kutamkwa, na kwenye msiba tunaongezea "saa yao ilikuwa imefika". Hapo fundisho la hatima linageuka pango la kujificha. Calvin mwenyewe, ambaye hakuna atakayemshuku kwamba aliupunguza ukuu wa Mungu, aliliona hili. Katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, anasema kwamba yeye aliyeweka mpaka wa maisha yetu ndiye aliyetukabidhi kuyatunza, akatupa akili ya kuona hatari mbele na njia za kuiepuka. Ungamo la Westminster la 1646, la warithi wa Calvin huko Uingereza, nalo linasema agizo la Mungu haliondoi sababu za kawaida za mambo, bali linazithibitisha. Breki ni sababu ya kawaida. Tairi lililoisha ni sababu ya kawaida. Dereva aliyeshika usukani usiku kucha kwa sababu hesabu haijatimia ni sababu ya kawaida, na nyuma yake kuna mtu aliyeipanga hesabu hiyo.

Magari mengi yana stika ya "Linalindwa kwa damu ya Yesu", na kioo cha mbele kina stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama. Sioni ugomvi kati ya hizo mbili, mradi ile ya pili ilipatikana baada ya gari kukaguliwa kweli. Wanafunzi wangu wengi watakuwa wachungaji, na watasimama kwenye misiba ya barabarani mara nyingi kuliko wanavyodhani. Mchungaji anayetangaza "saa yao ilikuwa imefika" kabla hajauliza habari za breki, siku hiyo amemhudumia mwenye gari na kuwaacha wafiwa.