Macho kuwa wazi si sawa na kuona

Pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, bodaboda akimkosakosa mtu, hutakosa kusikia: "Macho yalikuwa wazi, ilikuwaje usimwone?" Wengi tumekua tukiamini kwamba macho yakiwa wazi na mazima, kilicho mbele lazima kionekane. Inaeleweka, maana kuona hakutuchoshi.

Lakini macho huleta habari nyingi kuliko ubongo unavyoweza kuzishughulikia kwa wakati mmoja, hivyo ubongo huchagua kipi cha kuzingatia, na hakuna sehemu yake moja inayochagua peke yake. Eneo la mbele, nyuma ya paji la uso, hushikilia unachokitafuta, tuseme migebuka kati ya mafungu ya dagaa. Eneo la utosini hupima kipi kinastahili kutazamwa na kiko upande gani. Talamasi, katikati ya ubongo, husaidia maeneo hayo kuwasiliana, na kisogoni, picha zinapopokelewa, kilichochaguliwa huongezewa nguvu.

Kinachonigusa zaidi ni hali ya baadhi ya wagonjwa wa kiharusi. Aliyeumia ubongo upande wa kulia anaweza kumaliza wali wa nusu ya kulia ya sahani na kuacha wa kushoto, ilhali macho yake ni mazima. Jamani, ndugu wasimdhanie mkaidi.

Jaribu mwenyewe. Nyoosha mkono, kaza macho kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha jaribu kusoma gazeti lililo pembeni. Herufi hazisomeki. Sasa, macho yakiwa palepale, elekeza fikra kwa mtu anayepita kando: utamfuatilia bila kumtazama.