Usawiri wa Wahusika: Kauli ya Msimulizi na Ushahidi wa Matendo

Msomaji wa hadithi hamwoni mhusika kwa macho wala hamsikii kwa masikio, kwani yote anayoyajua kumhusu ameyapata katika maneno yaliyoandikwa. Hata hivyo, akifika ukurasa wa mwisho huwa na hakika kuwa fulani ni mnafiki na fulani ni mtu wa subira, na pengine huudhika mtu akimbishia. Hakika hiyo mwandishi huijenga kwa usawiri, yaani kuchora tabia za wahusika kwa maneno, naye hufanya hivyo kwa njia mbili: ama huitaja tabia ya mhusika waziwazi, ama huiacha ijitokeze yenyewe katika mambo ambayo msomaji hana budi kuyafasiri.

Katika njia ya kwanza, msimulizi hutamka tu kwamba Bakari alikuwa mtu wa shaka asiyemwamini yeyote, na hadithi ikaendelea. Wanaojifunza uandishi huambiwa mara nyingi waikwepe njia hii, kana kwamba kueleza ni kasoro, jambo ambalo kwa maoni yetu halina msingi. Hadithi fupi haina nafasi ya kumtungia tukio kila anayepita njia, na mhusika anayetokea mara moja hutoshelezwa na kivumishi kimoja. Ngano zetu nazo zimeishi kwa njia hiyo, kwani sungura ni mjanja na fisi ni mlafi hata kabla ya fanani, yaani mtambaji wa ngano, kufungua kinywa.

Njia ya pili inadai kazi zaidi kwa pande zote mbili. Tuseme mwandishi hataki kutamka neno shaka. Anamweka Bakari kwenye foleni ofisini, jirani yake anamwomba kalamu ajaze fomu, naye anaitoa mfukoni, anachomoa kifuniko, anampa kalamu na kubaki na kifuniko mkononi. Muda wote jirani anapoandika, Bakari anaitazama kalamu wala haangalii foleni inavyosogea. Hakuna mahali alipoitwa mtu wa shaka, lakini msomaji ameshamjua. Tena amejua zaidi ya lile neno moja, kwa sababu kitendo hicho kinaweza kuwa cha mchoyo, cha mtu mwangalifu, au cha mtu aliyewahi kupoteza kitu alichokipenda. Hapo ndipo ulipo utajiri wa usawiri usio wa moja kwa moja, na ndipo ilipo hatari yake pia, kwani mwandishi asipolishadidia tukio hilo kwa jingine, wasomaji wawili watatoka na Bakari wawili.

Mazungumzo hufanya kazi kama hiyo. Mwenye mzigo anayesema, "Samahani ndugu, naomba unisaidie upande huu," na yule anayesema, "Naona umekaa tu," wanataka jambo lilelile, ila msomaji atawapa hulka tofauti kabisa. Mavazi, chumba anamoishi mhusika na mawazo anayoyaficha huongeza dalili. Jina la kimajazi, yaani linalobeba maana ya tabia fulani, nalo husaidia, hasa likitumika kwa kejeli, kama katili anayeitwa Huruma.

Ipo pia dalili inayohitaji tahadhari kubwa zaidi, nayo ni maneno ya wahusika wengine. Mama mkwe akisema kuwa mkaza mwana wake ni mvivu, huo si ukweli wa hadithi bali ni shutuma iliyotoka kinywani mwa mtu mwenye masilahi yake, na huenda ikamfichua msemaji kuliko msemwa. Msimulizi wa nafsi ya kwanza, anayejiita "mimi", apimwe vivyo hivyo anapojisifu kuwa mkweli. Hata msimulizi maizi, aliye nje ya matukio na anayejua yote, anaweza kumwita mhusika shujaa kisha akamwonyesha akijificha nyuma ya mlango, na pengo hilo likawa limekusudiwa.

Katika Ugiriki ya kale, karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alifundisha kuwa tabia hudhihirika katika uchaguzi anaoufanya mtu. Mwandishi hunufaika na fundisho hilo anapomweka mhusika mahali ambapo kila njia ina hasara. Mwaminifu asiye na kishawishi bado hajathibitishwa, lakini akiokota pochi ya adui yake, akiwa peke yake na pochi hiyo, chochote atakachofanya kitakuwa na uzito.

Mwanafunzi anayeulizwa katika mtihani kuhusu sifa za mhusika, basi aanze kwa kujiuliza sifa hiyo imetoka kwa nani. Akiandika kwamba Bakari ni mchoyo, ataje kifuniko kilichobaki mkononi, na kama kuna mhusika aliyemwita hivyo, aeleze wana uhusiano gani na kama palikuwa na ugomvi baina yao.